Utenzi wa Mkagua Njia

Nimeamka mapema
mji haujanguruma
goti bado laniuma
nashuka hadi gatini.

Leo ni siku ya mbio
nina ndoo na fagio
mimi jicho na sikio
la punda walo njiani.

Jiwe kwa jiwe napima
kwa kisigino nasoma
lipi huketi salama
na lipi lacheza chini.

Jana bamvua lajaa
ukutani likapaa
mwani umetapakaa
kama nywele za majini.

Pale penye kona kali,
duka la soda la Lali,
utelezi si mithali:
mtu hukwenda angani.

Pale niliporomoka
sasa ni kumi miaka
goti langu likatoka
na mdomo mchangani.

Punda wangu Karafuu
alivunjika mguu
akanitazama juu
swali lake li machoni.

Jibu sijampa bado
nalitafuta kwa tendo:
namwaga mchanga kando
nakwangua kwa sahani.

Saa nne Amu yajaa
watoto wapanda paa
wengine wakazagaa
wenye simu mkononi.

Famau, mwenye kamati,
akitazama wakati,
sauti yake baruti:
"Wageni wako vitini!"

Nikamwambia, "Subiri,
mawe yakauke, heri.
Kona bado ina shari
ina nyongo ya moyoni.

Na mkokoteni ule
wa saruji, ulo mbele,
uondoke, uwe kule
usitubane njiani.

Kamba ivutwe, na watu
warudi hatua tatu;
mtoto siye kiatu,
hapatikani dukani."

Wakanizomea: "Woga!
Hilo goti lakuroga!
Kauze nyanya na mboga,
toka hapa hadharani!"

Shekuwe, mwana wa dada,
akatafakari muda
hakusema la ziada
akashuka mgongoni.

Akamshika Bahasha
ndoo ya maji kanywesha
kivulini kamwegesha
mkono wake shingoni.

Mmoja akamwigiza
wa pili akajikaza
kisha naye kalegeza;
Famau, jasho usoni.

Tukangoja saa nzima
jua likafika kima
jiwe likapata homa
unyevu kenda hewani.

Nikagusa kwa kiganja
nikanusa, nikaonja,
hata goti likakunja
bila mlio ungoni.

Nikashusha ile leso
punda wakanyosha uso
moyo ukaanza teso:
kwato, mvua ya batini!

Kwenye kona ya kwa Lali
wakaja kumi kamili
bega kwa bega, wakali.
Nikafumba, siwaoni.

Nikahesabu vishindo,
kimoja kiende kando!
Na moyo wangu ni nyundo
igongayo ubavuni.

Wakapita. Wote kumi.
Nikajiuma ulimi.
Nani angesema nami?
Macho yote ushindini.

Kombe likaenda Shela,
mshindi kapewa hela,
Bahasha wa nne, bila
jeraha hata kwatoni.

Hakuna kombe la jambo
lisilozuka, na wimbo
haumsifu mgambo
wa mchanga na sahani.

Famau akaja pweke
soda mkononi mwake
kaiweka, kenda zake
bila neno mdomoni.

Karafuu, kwa leo tu
jibu ni moja kwa tatu.
Naosha ndoo na vitu;
mwakani nipo konani.